Utumishi Juu ya Yai la Sifongo

Sifongo wa baharini hana ovari. Yai lake huanzia katika seli iliyokuwa na kazi nyingine: mara nyingi arkeositi, inayotambaa katika mesohili, ule ute wa ndani ya mwili, katika jamii nyingine koanositi, yenye mjeledi wa kusukuma maji na kunasa chakula. Mwandishi wa tawasifu hii aliingia maabara ya viumbe vya bahari akiwa fundi wa slaidi, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita katika kulisaka badiliko hilo.

Kazi ilianzia majini. Sifongo aliwekewa alama mwambani akakatwa kipande kidogo kila mwezi, kwa kuwa katika jamii nyingi mayai hupatikana kwa msimu, joto la maji linapobadilika. Kipande kilitiwa fomalini papo hapo. Kisha miiba ya silika iliyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki, maana mwiba ukisalia huharibu wembe wa mikrotomu. Asidi hiyo hupenya ngozi hadi kwenye mfupa. Hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuishika peke yake. Baada ya hapo kipande kiligandishwa katika nta, kikakatwa mfululizo kwa unene wa mikroni chache na kutiwa rangi.

Chini ya hadubini, yai changa hujulikana kwa kiini kikubwa chenye nukleoli iliyokoza. Halina makao, hutambaa kama ameba.

Ukuaji wake ndio uliomshika mwandishi kuliko hatua zote. Mayai mengine hujitengenezea akiba ya chakula. Mengine huzungukwa na seli walezi, kisha huzimeza nzima nzima. Mwaka 1969 Paul Fell alieleza jambo hilo kwa Haliclona ecbasis, sifongo wa California, ambaye yai lake hujaa seli walezi. Hadubini ya elektroni ilipoingia maabara, picha zilionyesha mabaki ya seli zilizomezwa ndani ya yai, na wakati mwingine bakteria hai pia: katika Chondrilla australiensis, mama humrithisha mtoto bakteria wake kupitia yai. Kwa mwandishi, ushahidi huu ulitosha kukataa mazoea ya vitabu vya shule ya kumwita sifongo mnyama duni. Yai moja hugharimu seli nyingi, na kila moja huacha kazi yake ya awali.

Utungisho nao hutegemea badiliko la namna hiyo. Mbegu ya kiume huingia na maji na kunaswa na koanositi. Bakteria angemeng'enywa, mbegu huhifadhiwa. Katika sifongo wa chokaa, ambako jambo hili limechunguzwa zaidi, koanositi hupoteza mjeledi wake, huingia mesohili na kuifikisha mbegu kwenye yai.

Yanayofuata hutofautiana. Haliclona hutunza viinitete mwilini hadi viwe lava, kisha huwatoa na maji. Lava huogelea muda mfupi, hujishikiza mwambani na kugeuka sifongo mdogo. Xestospongia testudinaria, sifongo mkubwa kama pipa anayepatikana Bahari ya Hindi, ana dume na jike mbalimbali. Huyu hutoa mayai na mbegu nje, na utungisho hufanyika baharini.