Ukili Usio na Mnunuzi

Katika nyumba niliyokulia, Wete, Pemba, hapakuwa na mwanamke aliyekaa mikono mitupu. Baada ya sala ya alasiri, bibi na shangazi zangu walikaa barazani na mafungu yao ya ukindu, wakasuka hadi adhana ya magharibi. Ilikuwa riziki. Msimu wa karafuu ukikaribia, wenye mashamba walitaka majamvi ya kuanikia; harusi ikitangazwa, ilitakiwa mikeka ya rangi. Ukili, yaani utepe unaosukwa kwa chane nyembamba za ukindu kisha kushonwa kuwa mkeka, ulipimwa kwa pima, na mwenye mikono myepesi ndiye aliyesifiwa.

Hakuna aliyesema kwamba anasuka ili atulize akili. Lakini nikija nalia kwa ugomvi wa watoto, Bibi hakuniuliza kitu. Alinisogezea mkeka na kuniambia, "Shika chane, mjukuu wangu, ukae." Nilikaa, na kilio kiliisha chenyewe.

Kisha ikaja biashara huria ya miaka ya 1980, na nyuma yake mikeka ya plastiki: myepesi, ya bei ndogo, inayooshwa kwa sabuni. Karafuu zikaanza kuanikwa juu ya maturubai. Shangazi zangu waliacha mmoja mmoja, wala siwalaumu, maana ukili ulikuwa haulipi tena. Bibi peke yake aliendelea, ijapokuwa mikeka yake ilirundikana juu ya kabati bila mnunuzi. Wakati ule niliona ni mazoea ya uzee tu. Sasa naamini alijua hasa anachokitafuta.

Mimi nafanya kazi ya hesabu Dar es Salaam. Nilikuwa narudi nyumbani jioni na kichwa kimejaa tarakimu, nikijipumzisha kwa simu, na simu ikinichosha zaidi. Baada ya Idi moja nilirudi kutoka Pemba na fungu la ukindu. Tangu hapo, baada ya isha, simu hulala chumbani nami hukaa sakafuni na bakuli la maji. Nalowesha chane kidogo, kwa sababu ikiwa kavu hukatika na ikiloa sana ukili hulegea ukikauka. Halafu juu, chini, kunja ukingo, kaza kwa kidole gumba. Mawazo yakienda ofisini, chane moja hupita juu pahala pa chini, na ukizubaa utasuka shibiri nzima kabla hujaona. Hapo hufumua.

Vile vitabu vya watu wazima vya kupaka rangi, vilivyovuma duniani mwaka 2015, rafiki zangu wanavipenda, na nimevijaribu. Naweza kujaza ua zima huku nikigombana kimoyomoyo na bosi. Ukili haukubali.

Hata hivyo sidai kwamba nimerudisha kila kitu. Barazani pale mmoja alisimulia na wengine wakaitikia, mikono ikiendelea. Utulivu ule ulikuwa wa watu wengi pamoja. Wangu ulikuwa wa mtu mmoja, mpaka jirani wa ghorofa ya chini alipoomba kufundishwa. Sasa tunasuka wawili, yeye akiniuliza maswali ambayo zamani sikumuuliza Bibi. Ukili wetu umetosha msala mmoja. Kilichobaki ni kuushona, na shazia, sindano ya kushonea, nimeagiza Wete. Shangazi ameahidi kuileta kwa boti, na amesema atakaa siku chache aone tunavyokaza.