Kiti cha Nyuma

Nyamarambe ukisema unatafuta pikipiki, swali la kwanza si CC ngapi wala bei. Ni: utasimama steji gani? Niliulizwa na mama wa mandazi, nikaulizwa na mzee wa kanisa, nikaulizwa na jamaa niliyesoma naye shule ya msingi ambaye tayari alikuwa ameniwekea nafasi kando yake, mbele ya duka la agroveti, mahali pazuri penye kivuli kuanzia saa tano. Nikamwambia sinunui ya boda, nataka ya kwenda kazini. Akacheka vile mtu hucheka akijua bado hujamaliza kusema.

Tuelewane. Sidharau boda. Karo yangu ya kidato cha tatu ilitoka kwenye Boxer ya binamu yangu, noti za hamsini hamsini zilizonuka petroli. Ila kwetu kuna hesabu moja ambayo kila mtu anaijua: kijana akirudi kutoka chuo bila cheti, kisha aonekane na pikipiki, basi hadithi yake imeisha na inajulikana ilivyoisha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Mzee wangu alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na pesa za karo zikaenda hospitali. Nikaomba kuahirisha masomo mwaka mmoja. Huu ni mwaka wa tano wa ule mwaka mmoja. Katikati nimeishi kwa kuandika. Mwanzoni niliandika insha za wanafunzi wa Marekani, kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wanaijua vizuri kuliko wanavyokubali: mtu asiye na digrii anawaandikia wengine digrii zao, usiku, kwa dola. Halafu Novemba 2022 ChatGPT ikaja, na ndani ya miezi michache wateja wangu wakapungua mmoja mmoja bila hata kuaga.

Kazi niliyopata baadaye ilikuwa Kisumu, kwenye studio inayotengeneza vipindi vya redio. Nahariri maandishi ya Kiswahili na Ekegusii, na Jumanne na Alhamisi lazima niwe pale wakati wa kurekodi. Kutoka nyumbani hadi Kisumu ni karibu kilomita 150. Watu huniuliza mbona nisilale huko Jumanne na Jumatano. Ni kwa sababu mgonjwa asiyeweza kujigeuza anafaa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi inaanza kuoza. Mama anageuza mchana. Mimi nageuza usiku mpaka saa nane, kisha yeye tena. Mgongo wa Mama hauwezi zamu zote mbili.

Kwa gari ilikuwa hivi. Saa kumi na nusu alfajiri niko barabarani nangoja Probox. Wasomaji wa Nairobi labda mnaijua Probox kama gari la kusambaza mikate. Kwetu ndiyo usafiri: gari la watu watano linalobeba tisa, mmoja wao akiwa amekalia kiti kimoja na dereva, gia katikati ya magoti yake. Hapo Kisii natafuta matatu ya Kisumu, nangoja ijae. Nafika saa tatu na kitu. Jioni ndio shida. Nikitoka Kisumu saa kumi na moja, nafika Kisii saa mbili usiku au baadaye, na Probox za kwetu zimeisha. Mara mbili nimelala kwenye kiti cha kituo cha mafuta. Mara zote mbili Mama aligeuza peke yake usiku kucha, na asubuhi hakusema kitu, alishika tu kiuno akienda jikoni.

Kwa hivyo pikipiki. Nilianza na ile ambayo kila mtu angeanza nayo. Jumamosi moja binamu aliniazima Boxer yake, BM150, nikaenda Kisumu na kurudi kujaribu.

Kutoka kwetu hadi Kisii hakuna pikipiki inayoishinda hiyo kitu. Inapanda, inavumilia mashimo, hainywi. Hata baada ya Kisii, ile lami ya kushuka kuelekea Oyugis ilikuwa raha tupu. Shida ilianzia pale Oyugis inapoisha na barabara inateremka kwenda Sondu. Matatu na lori kisheria zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na unajua vile sheria inavyoheshimiwa kwenye mteremko. Nikiwa 85, mkono wa mafuta ulikuwa karibu na mwisho na Boxer ilikuwa inalia. Nyuma yangu basi likapiga honi, si ya hasira, ya kawaida tu, kama mtu anayebisha mlango akijua utafunguliwa. Nikaingia kwenye ukingo wa barabara, kwenye kokoto, na upepo wake ukanisukuma zaidi. Pale tambarare ya Kano, kati ya Katito na Ahero, upepo wa kutoka ziwani ulinipiga ubavuni mpaka nikawa naendesha nikiwa nimeinama upande kama niliyebeba ndoo. Kisumu nikashindwa kufungua chupa ya maji. Vidole vilikuwa na ganzi.

Kurudi ndiko kulikonifundisha. Kutoka Sondu kupanda nilikwama nyuma ya lori, 40, halafu 30. Kila nikichungulia kulipita, naona nafasi, nazungusha mafuta, na hakuna kinachoongezeka. Nilikula moshi wa lori hilo kwa muda mrefu sana. Nilipofika nyumbani Mama aliniambia nina masharubu.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa fundi mmoja Daraja Mbili, pale Kisii, mzee ambaye binamu anamwamini kuliko daktari. Nikamweleza. Akaniuliza kama nilifika. Nikasema ndiyo. Na kurudi nikarudi? Ndiyo.

"Basi Boxer haina kosa," akasema. "Kosa ni kuiomba kila kitu ilicho nacho, kutwa nzima."

Halafu akanieleza jambo ambalo nadhani lingenisaidia sana kwenye fizikia ya sekondari. Ukitoka 60 kwenda 80, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nguvu ya kupasua upepo inayohitajika inazidi mara mbili. Ukitoka 80 kwenda 100 inakaribia tena mara mbili. Boxer 150 ina nguvu za farasi 12 hivi, ikiwa mpya, na Kisii iko juu, mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kabureta inapoteza sehemu yake. Kwa hivyo ukiwa 85 umeshatumia karibu zote. Pikipiki ya barabara ndefu, alisema, usiulize inakimbia ngapi. Uliza ukiwa 80 imebakisha nini.

Sijawahi kuwa na kitu kilichobakisha. Nikaandika hiyo sentensi kwenye simu, nikaifuta, ilikuwa inajidai.

Kilichonishangaza ni jinsi chaguo lilivyo dogo ukishatoka kwenye boda. Kwingine duniani pikipiki ya kati ni ya CC 400 kwenda juu. Kwetu, tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya CC 250 mwaka 2008, soko lote lilijaa zile ndogo za kazi, na hata ushuru wa shilingi 10,000 kwa kila pikipiki uliokuja 2015 haukubadilisha sura hiyo. Spea ni za hizo. Mafundi ni wa hizo. Mikopo pia: nilipoenda kuulizia, yule dada wa mkopo alikuwa na adabu sana, lakini fomu yake ilitaka jina la steji na mwenyekiti wa steji. Marejesho ni ya kila siku, kwa sababu wameamua mwenye pikipiki anapata pesa kila siku. Mimi nalipwa mwisho wa mwezi, mwezi wenyewe ukiwa na heshima.

Fundi alikuwa na Royal Enfield Classic 350 ya mteja, imeletwa kubadilishwa oili. Akaniruhusu kuikalia. Mungu wangu. Kampuni hiyo ilianzia Uingereza, pikipiki ya kwanza ikitoka mwaka 1901, na sasa ni ya Wahindi wa Chennai. Kile chuma kimekaa kama kabati la bibi. Nguvu yake ya kuvuta ni kubwa, mlima wa Sondu ingeupanda ikipiga mluzi, ila farasi ni 20 tu, sawa na Apache RTR ya CC 200. Na uzito ni kilo 195. Fundi akaniambia, "Ishushe hapo chini, uiinue." Nikaikataa hiyo mitihani. Kilomita chache za mwisho kwenda kwetu ni udongo mwekundu, na mvua ya Gusii haina msimu wa kupumzika. Kitu kinachoanguka na huwezi kukiinua peke yako saa mbili usiku si usafiri. Bei pia, lakini hebu nijifanye ni uzito.

Tukabaki na Apache na Pulsar, hizi za 180. Farasi 17 hivi. Tairi za tyubulesi, ambazo msumari ukiingia hewa inatoka pole pole badala ya kukuangusha. Diski mbele. "Haina ABS," fundi akaonya, "kwa hivyo usiifinye kama umeshika mwizi."

Nikafanya hesabu usiku, kati ya kumgeuza mzee saa nne na saa sita. Kilomita 600 kwa wiki. Boxer lita 12, Apache labda 16. Kwa petroli ya shilingi 180, Boxer 2,160, Apache 2,880. Nauli ya gari ilikuwa 2,600. Yaani chaguo langu lilikuwa ghali hata kuliko matatu, kabla ya oili, cheni na bima.

Na pesa hazikuwa zangu zote. Elfu arobaini zilikuwa za Mama, za chama, alizokuwa anawekea paa la jikoni. Kwa hivyo alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuuliza juu ya breki wala farasi. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaivuta kwa vidole viwili, akaangalia kile kiti cha nyuma kilichoinuka kama mkia wa nge.

"Tata," akasema, na hivyo ndivyo mama wa kwetu humwita mwanawe, "na hiyo kazi ya redio ikiisha, hapa patakaa nani?"

Nilitaka kumwambia haitaisha. Lakini alishaniona nikisema hivyo juu ya chuo, na juu ya wale Wamarekani. Boxer kwake haikuwa pikipiki, ilikuwa akiba: kiti kirefu, keria ya gunia la mahindi, mtu anayejua kuiendesha na steji yenye kivuli. Na mimi nilijua, hili sikumwambia, kwamba ndiyo maana hasa siitaki. Nikiwa na Boxer uani, kila asubuhi mbaya ya kuandika ingekuwa na jibu. Ningeenda siku moja tu, wiki moja tu. Nimeshaahirisha mwaka mmoja tu.

Nikamwambia ukweli ule mwingine, wa basi na kokoto. Akanyamaza muda mrefu. Mzee alikuwa anatuangalia kutoka kitandani, kwa lile jicho lake zima.

"Nakukopesha," akasema mwishowe. "Sikupi."

Nikanunua Apache 180 ya mtumba kwa mwalimu mmoja Rongo aliyekuwa anahamishwa, laki moja na ishirini, baada ya kuthibitisha rekodi zake eCitizen na fundi kuisikiliza injini kwa bisibisi aliyoiweka sikioni. Tukabadilisha cheni, sproketi zote mbili na tairi ya nyuma. Jumanne ya kwanza niliondoka saa kumi na moja, nikawa Kisumu kabla ya saa mbili. Jioni, pale pale juu ya Sondu, kulikuwa na lori. Nikachungulia, nikashuka gia moja, nikazungusha. Ikaenda. Nilipiga kelele ndani ya helmeti kama mtoto. Saa mbili na dakika kumi nilikuwa nyumbani, na mzee aligeuka kichwa kabla sijafika mlangoni. Mama anasema sasa anaujua mlio.

Nalipa elfu moja mia tano kila wiki. Wiki mbili nimechelewa.

Alhamisi iliyopita, mvua imeanza, nimebakiza kidogo kufika, bibi mmoja akanisimamisha kwa mwavuli. Sikuwa na kofia ya ziada wala rifleketa, na kwa mwanga ule hakuna aliyeweza kujua mimi si boda. Nilisimama kumweleza. Kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshashika bega langu anapanda, anakilalamikia kiti, anauliza hiki ni kiti au ni ngazi. Nilimpeleka pole pole, amenikumbatia kiunoni na mfuko wake wa unga katikati yetu. Kwenye njia ya kwao akashuka, akafungua fundo la leso, akanipa noti ya hamsini iliyolowa.

Nikaiangalia. Nikaiweka mfukoni.