UKITAKA KWENDA BERLIN, JITAYARISHE HIVI



Ukifika Mwanza mjini utaona mawe yamesimama ziwani, moja limekaa juu ya mengine. Watu huliita Jiwe la Bismarck. Je, umewahi kujiuliza Bismarck ni nani? Alikuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani. Hakufika Mwanza hata siku moja. Aliishi Berlin, mji mkuu wa nchi yake. Huko ndiko mambo mengi ya nchi yetu yalikoamuliwa, sisi wenyewe tukiwa hatupo.

Siku hizi watu wetu husafiri mbali. Wako wanafunzi, wako wanakwaya, na wako wazazi wanaoalikwa na watoto wao. Huenda siku moja ikawa zamu yako wewe uliyeko Chato, au zamu ya mwanao. Mgeni asiyejitayarisha huona magorofa tu, kisha hurudi. Mgeni aliyejitayarisha huona pia mambo yanayomhusu yeye.

KARATASI KWANZA

Usianze kwa kununua nguo. Anza na karatasi. Uwe na kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa. Kisha omba pasipoti Idara ya Uhamiaji. Ada yake ni shilingi 150,000. Dai stakabadhi na uitunze.

Pasipoti peke yake haitoshi. Lazima upate visa, yaani ruhusa ya kuingia Ujerumani. Huombwa kwa Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Utakwenda mwenyewe, kwa sababu huchukuliwa alama za vidole. Mtu mzima hulipa euro 90, na fedha hizo hazirudishwi hata ukinyimwa visa. Lazima pia uwe na bima ya matibabu ya euro 30,000 au zaidi. Utaulizwa nani amekualika, utalala wapi, na fedha za kukutunza zitatoka wapi. Visa ya matembezi hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90.

Jihadhari na watu wa njiani wanaosema, "Nipe fedha, nitakumalizia kila kitu." Soma kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Usipoelewa, uliza. Usione aibu.

Kutia alama kwenye karatasi isiyoeleweka kuliwahi kutuponza. Mwishoni mwa mwaka 1884, Mjerumani Carl Peters alipita Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami. Aliwapa machifu zawadi. Nao wakatia alama kwenye karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani, lugha wasiyoijua. Peters alizipeleka Berlin. Tarehe 27 Februari 1885, Kaisari alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wa Ujerumani. Utawala wa Wajerumani ulianzia hapo, na baadaye ukafika mpaka kwetu kandokando ya ziwa.

BARIDI NA NJIA

Kutoka Dar es Salaam hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja Berlin. Utabadili ndege njiani. Weka pasipoti, dawa na fedha kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku.

Tangu Desemba mpaka Februari baridi ya Berlin ni kali, hata maji huganda. Chukua koti zito, soksi nene na viatu vilivyofunika mguu. Tangu Juni mpaka Agosti kuna joto, na siku ni ndefu. Usishangae jua likichwa saa tatu na nusu usiku.

Magari ya huko hupita upande wa kulia wa barabara, siyo kushoto kama kwetu. Kabla ya kuvuka, tazama kushoto kwanza. Vituo vya treni za mjini havina mageti. Usidhani treni ni za bure. Nunua tiketi na uigonge muhuri kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta huna tiketi halali, faini ni euro 60.

MAMBO YA KUONA

Andika orodha ukiwa bado nyumbani. Haya manne yasikose.

La kwanza ni mtaa wa Wilhelmstraße. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya Bismarck. Tangu Novemba 1884 mpaka Februari 1885, wajumbe wa nchi 14 walikutana humo kupatana juu ya Afrika. Mwafrika hata mmoja hakualikwa. Nyumba haipo tena, lakini kipo kibao cha kumbukumbu.

La pili ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, Museum für Naturkunde. Humo umesimama mjusi wa kale, dinosaria, aliye mrefu kuliko mita 13. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wachimbaji walikuwa watu wetu, na mmoja wa wasimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini.

La tatu ni Maji-Maji-Allee. Barabara hii iliitwa kwa jina la Peters kwa miaka mingi. Mwaka 2024 jina hilo liliondolewa. Sehemu yake moja sasa inakumbusha Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907.

La nne ni zito. Wajerumani walichukua mafuvu ya watu wetu na kuyapeleka kwao. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walieleza habari za mafuvu kama 1,100 ya Afrika Mashariki. Mengi ni ya Rwanda, na kama 200 ni ya nchi yetu. Kwa vipimo vya vinasaba, ndugu wa mafuvu matatu walipatikana wakiwa hai. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi. Aliahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Mgeni anayeyajua haya hatapita Berlin kama mtalii tu. Atapita kama mtu aliyefiwa.

CHUKUA DAFTARI

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliandika desturi za Waswahili, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1903. Alifia huko mwaka 1927, lakini maandishi yake yanasomwa mpaka leo.

Nawe fanya hivyo. Kila jioni andika uliyoyaona. Ndani ya makumbusho uliza: Kitu hiki kilitoka wapi? Nani alikichukua? Mwaka gani? Je, mwenyewe alikubali? Andika majibu pamoja na tarehe.

Ukirudi, usiwaeleze wenzako habari za magorofa peke yake. Wakusanye, uwasomee daftari lako. Na wewe usiyesafiri, muulize aliyekwenda, kisha andika anayokuambia. Zamani wenzetu walitia alama kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Wewe sasa unasoma na kuandika. Tumia elimu hiyo.