Msimwambie bibi

Saa kumi na moja alfajiri ya Alhamisi, wiki moja kabla ya Krismasi, gari dogo lilitoka Mbezi, Dar es Salaam, likiwa na watu wanne: baba, mama, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Nyuma kulikuwa na mfuko wa sukari, vitenge viwili, sabuni, chandarua na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya mtoto anayetapika njiani. Safari ilikuwa ya kwenda Chiwanda, kusini ya Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, karibu na mpaka wa Msumbiji. Huko ndiko anakoishi mama mzazi wa baba.

Bibi huyo alikuwa amemwona mjukuu wake wa kike mara moja tu, miaka minne iliyopita, siku walipomzika babu. Wa kiume hakuwahi kumwona. Mwezi wa kumi alipiga simu akasema jicho la kulia limeingia ukungu na la kushoto linafuata. Hakulalamika. Alisema tu, "Waleteni niwaone wakati bado naona."

Kulikuwa na jambo ambalo bibi hakulijua. Tangu mwezi wa nane mwanawe hakuwa na kazi. Kampuni ilipunguza watu na yeye akawa mmoja wao. Nyumba ilikuwa ikiendeshwa na genge la mama watoto na pesa kidogo zilizobaki. Lile gari lilikwisha kupata mnunuzi. Januari lingeuzwa ili kulipa kodi ya nyumba na ada. Mafuta ya safari yalitoka kwenye mgawo wa kikoba cha mama, ambao alikuwa amepanga kuongezea mtaji. Alipoulizwa kama ana hakika, alijibu, "Macho ya mama hayasubiri mtaji."

Safari ndefu na watoto wadogo ina kanuni zake, na mama huyu alizijua. Waliondoka mapema ili joto la Morogoro lisiwakute njiani. Watoto walikula viazi na mayai ya kuchemsha, si soda na biskuti. Kila baada ya saa mbili gari lilisimama. Walipita Mikumi kabla ya saa tano, taratibu, maana barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50 na anayegonga mnyama hulipa faini. Watoto waliona twiga watatu na nyani wengi. Mlima Kitonga ulipoanza, kona zikamshinda mdogo, na ile ndoo ikafanya kazi yake. Mama alimpangusa, akampa ndimu anuse.

Walipokuwa wakijaza mafuta Makambako, giza likiingia, baba aligeuka nyuma akamwambia binti kwa sauti ya utani, "Tukifika kwa bibi, akiuliza habari za baba, sema baba yuko likizo. Usimwambie kama nimeacha kazi. Sawa?"

Binti alinyamaza kidogo. "Lakini uko likizo?"

"Ni kama likizo."

Mama aliangalia dirishani. Hakupenda, lakini hakutaka kubishana na mumewe mbele ya watoto. Walilala Njombe, wote wanne kitanda kimoja, blanketi mbili, kwa baridi ambayo watoto wa Dar hawakuwahi kuisikia.

Waliosali pamoja

Ijumaa walipita Songea, wakaacha njia ya kwenda Peramiho, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1898, wakafika Mbinga mchana. Hapo walipokewa na mume na mke ambao zamani waliimba kwaya ya vijana pamoja na baba. Wote wanne, yaani baba, wenyeji wale wawili na rafiki mmoja aliyekwisha fariki, walikuwa wakisafiri kwenye lori la mahindi kwenda kuimba vigangoni. Sasa mwenyeji ana shamba la kahawa na watoto watano.

Watoto walitolewa nje kuonyeshwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayochimbwa kwenye miteremko, nyasi zikifukiwa kwenye matuta ili zioze na kuwa mbolea, na maji ya mvua yakikaa shimoni badala ya kukokota udongo bondeni. Ukiangalia mlima kwa mbali unafanana na sega la nyuki. Binti aliuliza kama watu wanaishi mle. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, mwenyeji alimwuliza rafiki yake bila kuzunguka, "Umepoteza kazi?"

Baba alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kwenye kundi letu la simu wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kutuma mchango kila mtu akifiwa. Tangu Septemba unaandika 'pole' tu. Tukajua."

Baba alieleza yote. Alisema alipokuwa na kazi hakuwa na nafasi ya kuja, na alipopata nafasi hakuwa na kazi. Kila mwaka aliahidi kumpeleka mama hospitali kutibiwa macho, kila mwaka akasogeza mbele. Sasa angefika mikono mitupu.

"Kwa hiyo sisi tunajua, jirani zako Dar wanajua, mtoto wa darasa la kwanza anajua," mwenyeji alisema. "Asiyejua ni mama yako peke yake."

Chumba cha pili, ambako ukuta haukufika darini, binti alikuwa macho.

Kuteremka ziwani

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 na siku hizi ni lami. Baba aliwasimulia watoto jinsi alivyokuwa akipanda njia hiyo kwenda shule, wakati wa masika gari likikwama na abiria wakilala porini. Barabara inateremka kutoka kwenye baridi ya Umatengo, kona baada ya kona, hadi joto linapoingia dirishani na Ziwa Nyasa linatokea chini, la buluu, bila mwisho. Mdogo alipiga kelele, "Bahari!" Hakuna aliyemsahihisha mara moja. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 700 na ng'ambo yake ni Malawi. Kwa mtoto wa miaka mitatu, bahari ni jina linalotosha.

Baada ya Mbamba Bay ilianza njia ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha. Gari lilizama tope mara mbili. Mara ya pili vijana waliotoka kuvua walilisukuma, na mmoja wao akamtambua baba kwa sura ya marehemu babu. Alikataa kupokea pesa. Habari za wageni zikawatangulia kwa mguu.

Bibi alikuwa amesimama chini ya mwembe. Aliwasalimu kwa Kinyasa, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya mkwe wake. Alimshika mdogo usoni kwa viganja viwili, akamsogeza hadi pua zikakaribia kugusana, akamtazama kwa jicho la kushoto. "Mume wangu amefika," akasema. Kisha akamgeukia binti: "Na huyu mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya?" Binti alicheka, akajificha nyuma ya mama yake.

Walikula ugali wa muhogo na mbasa. Jioni bibi akauliza, "Kazi inaendaje, baba?"

"Inaendelea, mama. Niko likizo."

Binti aliacha kutafuna. Baadaye alimfuata bibi yake kuokota maembe nyuma ya nyumba, wakakaa huko muda mrefu.

Wageni wasimame

Jumapili walikwenda kusali. Misa ilipokaribia kwisha, baada ya matangazo, mwenyekiti wa kigango alisema kama inavyosemwa makanisa yote ya nchi hii: wageni wasimame wajitambulishe. Akaongeza kwa furaha kwamba mtoto wao wa Dar amekuja, mwenye kazi nzuri, na wote wanajua bati za nyumba ya katekista hazijatimia.

Watu walipiga makofi. Baba alisimama na familia yake. Alikuwa amejiandaa kutaja bati kumi ambazo hakuwa nazo. Ahadi hulipwa baadaye, na wengi huahidi hivyo. Akatazama chini. Binti alikuwa akimwangalia, midomo imebanwa, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa na anaogopa kumwaga.

"Namshukuru Mungu tumefika salama," alisema. "Huyu ni mke wangu, hawa ni watoto wangu. Kazi niliyokuwa nayo iliisha mwezi wa nane. Natafuta nyingine. Bati sina. Nimekuja mama awaone wajukuu, na mniombee."

Kanisa lilikuwa kimya, kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata. Mwenyekiti alisema, "Basi bati zitasubiri. Mtoto akirudi nyumbani hadaiwi mlangoni."

Njiani kurudi, bibi alishika mkono wa mwanawe. Alitembea kwa uangalifu, akipapasa njia kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Mimi nilijua tangu jana," alisema. "Mke mwenzangu aliniambia kwenye maembe. Alilia. Alisema ameshindwa kunidanganya na ameshindwa kukuasi, hajui dhambi ni ipi. Nikamwambia hana dhambi. Nikanyamaza nione kama wewe utasema mwenyewe."

Baba hakuwa na la kujibu.

"Miaka minne nilidhani umenikasirikia," bibi aliendelea. "Nilidhani ni yale maneno ya msibani. Kumbe ni pesa tu."

Mchana ule watu walikuja na mihogo, dagaa wakavu na maembe. Mama alijaribu kukataa, mkwewe akamzuia: mgeni hakatai. Jioni baba alimwita binti, wakaenda wawili ufukweni ambako mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani. Alichuchumaa ili wawe kimo kimoja.

"Yale niliyokwambia Makambako nilikosea. Sikupaswa kukubebesha."

"Kwa hiyo nikisema ukweli huwi na hasira?"

"Ukiona nimekasirika, nikumbushe siku ya leo."

Binti alifikiri. Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua zaidi: "Gari bado tunaliuza?"

"Tunaliuza."

"Tukiwa tumeshampeleka bibi hospitali?"

Baba hakuwa amelifikiria. Kichwani mwake matibabu ya macho yalikuwa jambo la pesa nyingi za siku za mbele. Lakini gari lilikuwa bado lao, lilikuwa na nafasi, na lilikuwa linarudi njia ile ile. Usiku ule alimpigia rafiki yake wa Mbinga. Simu haikuchukua dakika tano. Mwenyeji alisema mama akae kwao kwa muda wowote utakaohitajika, na mkewe atamsindikiza hospitali. Kuhusu gharama alisema, "Ulituma kwa wengine. Kundi bado lipo."

Siku mbili baada ya Krismasi gari liliondoka na watu watano. Bibi alikaa mbele, chini ya mkanda ambao hakuwahi kuufunga maishani, kikapu cha dagaa miguuni. Kwenye miinuko ya Umatengo binti alimweleza yanayoonekana nje: kahawa, migomba, na ile milima yenye mashimo kama sega.

Gari liliuzwa wiki ya pili ya Januari. Baba bado anatafuta kazi. Asubuhi anabeba mizigo ya genge. Jicho moja la bibi lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi huo huo, na la pili linasubiri. Siku alipofunguliwa kitambaa alipigiwa simu ya video. Alisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akawatazama mmoja mmoja kimya.

"Mwanangu," alisema mwisho, "umekonda. Likizo hiyo haikufai."

Wote walicheka, na aliyecheka zaidi ni binti.