Mto Ukija, Alhamdulillahi

Kwetu bondeni Rufiji, mwaka haukuhesabiwa kuanzia Januari. Tuliuhesabu tangu mto ulipopanda kingo zake na kuingia mashambani. Bibi akisema, "Alhamdulillahi, mto umekuja," sisi wajukuu tulianza kufunga mikeka, maana tulijua tunahamia dungu.

Dungu letu lilisimama juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga. Sakafu ya fito, paa la nyasi, jiko la udongo pembeni, na mtumbwi umefungwa chini. Tulikaa humo hadi mavuno, maji yakipita chini yetu. Kazi ya watoto ilikuwa kuamia ndege. Kwelea kwelea hawana huruma: kundi likitua, jaruba zima laweza kubaki mabua. Kwa hiyo alfajiri tulikuwa tumeshashika makombeo na madebe. Walimu walilalamika kwamba hatuonekani darasani, na walikuwa na haki, ila mpunga haukuwa na mlinzi mwingine. Usiku zamu ilikuwa ya wakubwa, kwa ajili ya nguruwe na viboko. Babu akipiga debe, dungu la jirani liliitikia, kisha la mbele yake, mpaka bonde zima likajua kiboko anaelekea kwa nani.

Maji yakishuka, yaliacha tope jeusi. Hapo ndipo mlau ulipopandwa: mahindi, kunde na maboga, vikakua kwa unyevu ulioachwa na mto, mvua ikiwa imekwisha zamani. Na katika maziwa yaliyojazwa na mafuriko, kama Zumbi na Ruwe, wavuvi walipata perege na kambare. Shamba moja, mavuno mawili na kitoweo juu yake. Sijaona ardhi nyingine yenye ukarimu huo.

Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamishia watu nchi ya juu, katika vijiji vya ujamaa, karibu na shule, zahanati na barabara. Bibi alivipokea kwa shukrani, akajenga huko, lakini kila msimu alirudi bondeni. Juu palikuwa na mchanga. Chini palikuwa na chakula. "Mjukuu wangu," aliniambia, "mto ukizidi unakubomolea nyumba. Usipokuja kabisa, unakuua kwa njaa." Alikuwa ameyaona yote mawili, nami namwamini kuliko ripoti nyingi nilizosoma baadaye.

Mengi yamebadilika. Kivuko cha Ndundu, palipokuwa pa kusubiri hadi mtu akaanza kupika, kilipisha Daraja la Mkapa mwaka 2003. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huu huu lilianza kujazwa, na umeme wake wa megawati 2,115 nchi inauhitaji. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Hivyo sasa mto una milango, na mafuriko bado tunayo.

Ombi langu ni kwa wanaopanga maji ya mto huu. Shukeni Utete, shukeni Mohoro, mkae na wazee waliolima mlau. Waulizeni mpunga unataka maji mwezi gani, yafike kina gani na yaondoke lini, kisha majibu yao yaingie katika ratiba ya kufungua na kufunga hiyo milango.