Raba ya Kioo cha Mbele



Wapendwa waamini, ninawaandikia wiki hii vidole vyangu vikiwa bado na weusi wa mpira uliokataa kutoka kwa sabuni. Wale mlionikuta Jumanne gereji nimeketi ndani ya gari la parokia, nikivuta kamba kama mvuvi wa Mwigobero, mlicheka, nami sikuwalaumu. Lakini ninyi mlicheka bila kujua sababu iliyonifikisha pale, na sababu hiyo ninalazimika kuwaeleza kwa kuwa inawahusu.

Gari letu mnalifahamu. Ni Land Cruiser ya ule mfululizo wa 40 ambao Toyota ilikoma kuutengeneza nchini Japani mwaka 1984. Kwa hiyo ni rika langu, kama si mkubwa wangu. Raba iliyoshika kioo cha mbele ilikwisha kukauka kwa jua, ikapasuka pembeni, na kila mvua iliponyesha maji yalidondoka upande wa abiria. Nilinunua silikoni, nikaziba. Yakarudi. Nikaziba tena juu ya ile ya kwanza. Fundi wetu, mzee wa Kanisa la Mennonite ambaye hupenda kunitania kuhusu ubani, aliniambia wazi: “Padre, hapo hujaziba. Umefunika.” Nikamjibu kwamba nina vigango vya kuzungukia.

Mwezi Aprili nilikuwa nikirudi kutoka kigango kimoja upande wa Butiama. Nilikuwa nimechukua daftari la zamani la ubatizo ili nilinganishe majina ya waombaji wa ndoa, jambo ambalo sikupaswa kulifanya, maana daftari hilo mahali pake ni kabatini ofisini. Nililiweka kwenye kiti cha abiria, nikalifunika kwa koti. Kabla sijafika Makutano mvua ikashuka, ile ya masika isiyokuachia kuona barabara. Nilipofika nyumbani, koti lilikuwa zito kwa maji. Kurasa zilizoandikwa kwa kalamu ya kawaida zilisalimika. Zile za miaka ya sitini, za wino wa zamani, zilikuwa zimegeuka wingu la buluu. Kurasa nne zimepotea karibu zote.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inamtaka paroko ahakikishe vitabu hivyo vinaandikwa vizuri na kutunzwa kwa uangalifu. Seminarini nilipata alama nzuri katika somo hilo. Hapa Mara tunajua vema thamani ya mstari mmoja wa daftari: Mwalimu Nyerere alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akapewa jina Julius, na tarehe za namna hiyo hudumu kwa kuwa yupo aliyeandika na yupo aliyetunza. Mimi nilikuwa wa kutunza.

Basi nikalipeleka gari kwa fundi bila maneno. Kioo kilipotolewa, chini ya silikoni yangu tulikuta fremu imeliwa na kutu hadi kidole kinapita. Silikoni ilikuwa imeyafungia maji pale pale kwenye chuma. Ilibidi kukwangua, kupiga msasa, kuchomelea vipande vya bati na kupaka rangi, siku tatu nzima. Raba niliyoinunua Bunda ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Fundi alikataa kabisa kuivuta, akisema raba iliyovutwa hurudi ilikotoka na kuacha pengo kwenye kona. Ya kufaa tuliipata Mwanza.

Raba hiyo ina mifereji miwili: mmoja humeza kioo, mwingine hushika ukingo wa fremu. Unaivika kioo kwanza, kisha unalaza kamba nyembamba ndani ya mfereji wa pili, kuzunguka pande zote, ncha zikipishana chini katikati. Unapaka maji ya sabuni (si mafuta wala petroli, maana huila raba). Halafu kioo kinawekwa mahali pake kutoka nje, na ncha za kamba zinabaki ndani. Aliye ndani huvuta kamba polepole, na ulimi wa raba unapanda juu ya chuma. Aliye nje husukuma kwa kiganja pale pale kamba inapotoka. Mimi nilikuwa ndani. Nilipokuwa na haraka ulimi ulijikunja, na fundi akaamuru turudi mwanzo. Tulirudi mara mbili. Mwisho akasukumia ule ufito mwembamba wa mpira unaoikaza raba, akafuta jasho, akaenda kunywa chai.

Kuhusu daftari hakuna kamba ya kuvuta. Nimemwarifu Baba Askofu. Kanuni ya 876 inaruhusu ubatizo uthibitishwe na shahidi mmoja wa kuaminika, pale ambapo hakuna anayedhurika, nami nimeanza kuzungukia familia. Bibi mmoja, ambaye mstari wake haupo tena, nilimwomba radhi barazani kwake. Alinitazama kwa muda. “Padre, mimi najijua nimebatizwa,” akasema. “Wewe ndiye hujui.”

Dada yake mkubwa, aliyekuwapo siku ile, anaishi Bunda, na Alhamisi nitakwenda kumchukua ili atoe ushuhuda. Wengine wenye cheti cha zamani, picha, au ndugu aliyeshuhudia ubatizo wa miaka hiyo, tafadhali waje ofisini baada ya Misa ya pili. Bibi aliniuliza kama dada yake atafika mkavu. Nilimweleza kwamba tulimwagia kioo ndoo sita za maji, nami nikiwa ndani na gazeti kavu magotini. Akasema tuongeze ya saba.