Visiki vya Nakivale

Nakivale, Jumatano 6 Machi 2024

Mvua za masika zimeshika, na kitaluni hakuna anayekaa. Tunagawa miche ya mgrevilea na mkaratusi tangu asubuhi. Kila kaya inaandikwa jina na idadi iliyochukua. Ripoti itataja miche iliyogawiwa. Mimi ningependa itaje iliyo hai mwezi Septemba. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaua mingi, na inayopona huliwa na mbuzi.

Mama mmoja wa Kivu ameniuliza, "Mwanangu, mti huu ukikomaa mimi nitakuwa wapi? Labda Amerika, labda nyumbani, labda kaburini." Sikuwa na la kumjibu. Makazi haya ya wakimbizi, hapa Uganda, yalianzishwa mwaka 1958, yakapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, na wapo waliozeeka na kuzikwa hapahapa. Bado kila anayefika anajihesabu mpita njia. Ardhi ni ya serikali, tunapewa kuitumia tu. Naamini hilo linamaliza miti yetu kuliko hata shoka.

Mbarara, Jumamosi 16 Machi

Nimefuata viriba na mbegu. Nilipofika darajani nikautazama Rwizi: maji mekundu, mazito kwa udongo. Mto huu unashuka kutoka vilima vya Buhweju, unapita hapa mjini, halafu unakwenda kulisha maziwa ya Mburo na Nakivale. Udongo unaooshwa huku juu ndio unaotua kwetu. Sheria inataka mita 100 za ukingo ziachwe bila kulimwa, lakini nimeona migomba na mikaratusi mpaka majini. Na ardhioevu ya Mburo na Nakivale imo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2006!

Usiku nimesoma juu ya sekwoia za pwani ya California. Ni miti mirefu kuliko yote duniani, mmoja umepita mita 115, na ipo iliyoishi zaidi ya miaka 2,000. Wakati wa kiangazi majani yake hunywa ukungu wa baharini. Lakini kilichonikosesha usingizi ni kisiki cha mti huu. Ukiukata, shina huchipua upya, na machipukizi husimama duara kuzunguka mahali mama yao alipokuwa. Wakataji wa mbao waliacha karibu asilimia 5 tu ya msitu wa kale. Sehemu kubwa iliyokatwa imeota tena, na kwa msongamano mno, hata leo watunzaji wa hifadhi hulazimika kupunguza miti ili inayosalia ipate mwanga na kunenepa.

Nakivale, Alhamisi 18 Aprili

Nikiwa bado na kisiki cha sekwoia akilini, nimepanda kilimani na vijana wa kanda yetu. Kwa mbali mtu anasema hapa pameisha. Ukiinama unaona migunga iliyokatwa inachipua, kisiki kimoja kina vichipukizi kumi na zaidi, na mizizi yake imekwisha kufika kwenye maji ambayo mche wa kiriba hautayafikia kabla ya jua la Julai. Huu ni msitu uliopandwa tayari, tena bure.

Tumefanya kazi hivi: katika kila kisiki tunachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na kushika vizuri chini, mengine tunayapogoa, na matawi ya miiba tunayazungushia kuzuia mbuzi. Mkaratusi nao hufuata njia hiyo. Ukatwe chini, kwa mshazari, maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Wafugaji wa Ankole huuona mgunga kama adui wa malisho, na wana sababu, maana ukiachwa bila kupogolewa hugeuka kichaka kisichopitika. Kwa hiyo kupunguza kunawafaa wao na sisi pia.

Jumatatu 15 Julai

Vumbi. Nimekuta mashimo mahali kadhaa tulipopogoa Aprili: visiki vimeng'olewa na mizizi yake, vikachomwa makaa. Siwalaumu akina mama waliofanya hivyo. Mgao wa chakula umepunguzwa na maharage hayaivi bila moto. Lakini tawi likikatwa linarudi. Kisiki kikishang'olewa hakuna kinachorudi, na mvua ijayo udongo wa shimo lile unaingia ziwani. Afadhali jiko la udongo linalotumia kuni chache liwekwe katika kila nyumba kabla ya kugawa mche mwingine hata mmoja.

Jumapili 22 Septemba

Vuli imeanza. Nimezunguka kilima. Miche mingi tuliyogawa Machi imekauka, ila machipukizi yaliyozungushiwa miiba yamenipita kiuno na yana majani mabichi. Kesho naipelekea kamati ya kanda ombi langu, nimeliandika fupi ili lisomwe lote: kateni matawi, msing'oe visiki, kila kaya ipewe visiki vyake vya kulinda na ruhusa ya kuvuna kuni zake, na anayehesabu miti aje kuhesabu Septemba.